Reki ya Stelingi na Magunia ya Mpunga

Asubuhi niliyoondoka nyumbani Mbeya sikuwa na mahali pa kwenda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, si kwa ugomvi na mtu, ila maswali yangu na ya mwalimu hayakuwahi kukutana. Baba, Mngoni aliyeletwa Mbeya na kazi ya reli, alidhani ninakwenda kununua chumvi. Pale Uyole nilikuta lori limeegeshwa pembeni, dereva amelala chini yake anatukana. Nikainama kumwuliza anamtukana nani. Akasema, "Shika hapa, usiachie," nikashika. Lori lilipopona nikapanda juu ya mzigo bila kuuliza linaelekea wapi. Lingeelekea Tunduma, leo ningekuwa nawaandikia habari za Tunduma. Lilielekea Iringa.

Ninyi vijana wa gereji ya Ipogolo, hapa Iringa, mmenitaka niandike haya kwa kuwa nimeacha kazi. Bega langu la kulia halipandi tena, na fundi asiyeweza kulala chini ya gari akanyoosha mkono ni mtazamaji tu. Vyeo sina cha kuwasimulia: nilianza fundi, nimemaliza fundi. Nitakaa zaidi kwenye kazi moja, stelingi ya gari la Masanja, kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila mara, na kwa sababu baada yake sikupata tena raha ya kufunga nati.

Gereji ilikuwa ya Fundi Mgaya, Mhehe mrefu aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia miguuni.

"Kabila gani wewe?"

"Mngoni."

"Basi umefika kwa mabwana zako. Chukua beseni lile uoshe nati."

Nikamwambia nimezunguka mtaa mzima sijasikia hata mbwa mmoja akibweka, sasa nimejua sababu: ninyi Wahehe mmewala wote. Watu wa gereji wakaangua kicheko. Mgaya hakucheka, ila mchana alinigawia ugali kwenye sahani yake. Kati ya Mhehe na Mngoni hiyo ndiyo barua ya ajira. Tangu siku ile aliniita mtani, na akiwa amefurahi sana aliniita mnyalukolo, ndugu, kisha akajifanya amekosea.

Nati nilizozisafisha zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani dunia inazo. Nilipochoka kuosha niliuliza, na Mgaya hakuchoka kuulizwa. Kitu alichonifundisha mapema kuliko vyote ni uzi. Mafundi wengine waliamini macho, yeye aliamini uzi wa mwashi uliovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Kwa magari ya kwenda porini alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Anatoa springi za mbele, gari linabaki juu ya magogo, halafu analipandisha tairi kwa jeki kidogo kidogo, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na kila hatua anapima kwa uzi kama tairi bado linatazama mbele.

"Gari likisimama, kila fundi ni hodari," alisema. "Wewe lipime kama vile linaruka."

Niliondoka kwake mara nyingi. Mimi si mtu wa kukaa. Nilikwenda Mafinga kwenye viwanda vya mbao kwa sababu nilitaka kujua msumeno mkubwa unanolewa vipi. Nilikwenda Makambako, nikaenda Tunduma kuvunja magari yaliyokufa. Kila nikirudi nilimkuta Mgaya na koti lake, naye hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza nimejifunza nini, nami nikiwa sina jibu alinipa beseni.

Masanja alikuja kwetu miaka ya karibuni, mimi nikiwa tayari na mvi. Wazazi wake walihamia tambarare ya Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, yeye akakulia Chimala na kuwa dereva wa malori ya mpunga. Alikuwa mtu mpana, mpole, na mwenye ugonjwa mmoja: mashindano ya magari ya porini. Alijitengenezea gari kutokana na pikapu kuukuu, akaling'oa vioo na milango, akaliwekea mabomba ya chuma kichwani, na kila kiangazi alikimbia nalo juu ya matope makavu ya Usangu pamoja na watu waliokuja na magari ya maana. Hakuwahi kumaliza. Hakuna mtu wa tambarare ile aliyewahi kumaliza.

Alipofika Ipogolo mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka kwenye plasta. Reki ya stelingi aliyokuwa amefunga ilitoka kwenye gari dogo la mjini. Reki, kwa aliye mgeni, ni fimbo yenye meno iliyolala kati ya matairi ya mbele: ukizungusha usukani, fimbo inakwenda kulia au kushoto na kuyasukuma matairi. Ile yake ilikuwa nyembamba na haikuwa na msaada wa pampu. Tairi lilipogonga ukingo wa mfereji, pigo lote lilipita kwenye fimbo, likapanda kwenye usukani, usukani ukazunguka wenyewe kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Daktari alimwekea chuma ndani na kumwambia kwamba ukivunjika tena hapo, vidole havitafunga.

Mke wake, Kabula, alikuja naye. Alisimama mlangoni mwa gereji akakataa kiti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Kamwene," Mgaya alimsalimu na kwa Kihehe.

"Mimi sijaja kwa gari," alisema. "Nimekuja kwa huo mkono. Yeye anasema ni wake. Si wake peke yake, unalisha watu. Kama hamwezi kulitengeneza lisimpige, semeni sasa hivi nimrudishe nyumbani."

Mgaya aliinama akaitazama ile reki. Mimi nilijua anafikiria nini, kwa sababu nilikuwa nafikiria hicho hicho: kazi nzuri. Mtu anayependa chuma akiletewa tatizo la namna ile hasikii vizuri sehemu nyingine ya maneno.

"Litatengenezeka," alisema.

Nisikilizeni kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo mnapokosea hadi leo. Mnadhani kubadilisha reki ni kutafuta kubwa zaidi na kuifunga. Reki kubwa tuliipata Mbeya kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa, imetoka kwenye gari zito, fimbo yake nene na ina pampu ya kusaidia. Pampu ile ndiyo tuliyoitaka, kwa kuwa mafuta yake hupokea pigo kabla halijafika mikononi. Lakini reki ilikuwa pana kuliko pikapu. Mkono wa chini unaoshika tairi hupanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Tairodi, ile fimbo fupi inayotoka kwenye reki kwenda kwenye tairi, nayo hupanda na kushuka kwenye bawaba yake. Bawaba hizo mbili zisipokuwa mahali pake, kila tairi linapopanda tairodi inalivuta au kulisukuma. Dereva ameshika usukani sawasawa, na gari linajikatia kona lenyewe. Juu ya lami hutalijua hilo. Juu ya matuta utalijua, tena kwa mifupa.

Tulimpelekea fundi wa kukereza vyuma pale mjini Iringa, akaifupisha reki pande zote mbili. Tukaifunga kwa bolti za muda, tukatoa springi, tukavuta uzi, tukapandisha jeki. Mara ya kwanza tairi liligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Tukaipandisha reki kidogo, tukapima tena. Masanja alikuwa akija kutoka Chimala kila alipopata lori la kupanda. Alikaa kwenye ndoo na kukunjua vidole vyake, akitazama.

"Kaka, na hili mnalifanya kila gari?"

"Kila gari la kichaa," nikamjibu.

"Basi mna bahati, tuko wachache."

Tulipofika mahali ambapo tairi lilipanda kutoka chini hadi juu bila uzi kutikisika, Mgaya aliweka alama kwa patasi kwenye chesisi. Alivua koti lake. Sijawahi kumwona tena akilivua kwa hiari.

Ila gari lile halikuruhusiwa barabarani, na mashindano yalikuwa upande wa Chimala. Tulilipakia kwenye lori, tukaenda kulimalizia kule, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya shemeji yake Masanja. Tulipofunga injini na pampu, vikakataa kukaa pamoja na reki kwenye alama. Pampu iligusa. Ikabidi reki ihamishwe kidogo na pampu isogezwe, na mipira ya mafuta tuliyokuwa nayo ikawa mifupi. Mimi nikapanda basi kwenda Mbeya kutafuta mirefu. Mbeya hiyo mipira haikuwa jambo la siku moja.

Sasa niwaeleze desturi ya Mbarali, wilaya yenye hiyo Chimala, kwa walio wageni. Kule gari tupu halipimwi alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi. Mwenye gari akija kwa fundi anakuja na magunia yake ya mpunga, anapakia nyuma, ndipo fundi anaanza kazi. Wana haki. Gari lao halitembei tupu, na mpunga nyuma hunyanyua pua ya gari. Ukilipima tupu, likipakiwa kila kitu kinakuwa uongo. Mgaya alikuwa amefanya kazi Chimala ujana wake wote kabla ya kufungua gereji Ipogolo, na alikuwa amepima magari yenye magunia kuliko yasiyo nayo. Watu wa mashine walipoona fundi amelala chini na uzi wake, wakapakia magunia bila kuulizwa, kama wanavyomletea mgeni maji ya kunawa. Naye hakuyaona. Mtu haoni kitu kilichokuwepo siku zote.

Springi zilikuwa zimefungwa, kesho yake ni mashindano, fundi wa kuchomelea alikuwa anamsubiri. Mgaya aliweka reki mahali ambapo tairodi zililala sambamba na mikono ya chini, akasema, "Choma," na fundi wa kuchomelea akayachoma mabano yanayoishika.

Nilirudi Ijumaa jua likielekea kuzama, mipira ikiwa shingoni kama nyoka. Nilimkuta amekaa kwenye gogo anakunywa chai.

"Mtani, umechelewa. Ulikwenda kuwinda panya, kitoweo chenu Wangoni?"

"Mzee, hayo magunia ya nini?"

"Ya kupimia."

Alisema hivyo akakiinua kikombe, na kikombe hakikufika mdomoni. Tulipanda nyuma ya gari, tukashusha magunia moja moja, na kila gunia liliposhuka pua ya gari iliinama. Lilipoisha la mwisho matairi ya mbele yalikuwa yanatazama nje kama miguu ya bata. Mgaya alilala chini akaangalia. Reki ilikuwa chini mno kwa vidole viwili. Gari tupu lilikuwa tayari limepotoka kabla halijagonga kitu. Likigonga lingepotoka zaidi, na reki yote ile nene ingempelekea Masanja pigo ambalo mafuta ya pampu yasingelimaliza.

Tulimkimbilia fundi wa kuchomelea. Alikuwa Msabato, mtu mwema sana, na tulimkuta amekwisha kuoga na kuvaa shati jeupe.

"Mabano mawili tu, ndugu yangu," Mgaya alimwambia. "Kukata na kuchoma."

"Jua limezama, mzee. Sabato imeingia."

"Basi tuazime mashine, nitachoma mwenyewe."

"Mashine nayo ni yangu," alisema kwa upole. "Nayo inapumzika."

Sikumchukia, na msimchukie. Alitukaribisha uji. Mashine nyingine ya karibu ilikuwa imeungua. Tulirudi uwanjani, tukamwambia Masanja mbele ya Kabula, kwa maneno ya wazi, kwamba gari halifai, na kwamba wiki inayofuata litafaa.

"Wiki inayofuata hakuna mashindano," alisema Masanja.

"Mwakani yapo," Kabula akasema.

"Mwakani." Alilizunguka gari, akaligusa tairi kwa mguu. Kisha uso wake ukafunguka, na nilipouona nikatamani basi langu lingeharibika njiani. "Fundi, likiwa na magunia liko sawa?"

Mgaya aliokota uzi wake akaanza kuukunja.

"Nakuuliza. Likiwa na magunia, matairi yanatazama mbele?"

"Yanatazama."

"Basi nitakimbia nayo."

Kabula alimtazama Mgaya. Alikuwa anangojea neno moja, na neno hilo lilikuwa la fundi, si la mke. Nililisema mimi. Nilisema kamba zitakatika. Masanja akasema yeye amebeba mpunga maisha yake yote na hajawahi kuangusha gunia, akageuka kwa Mgaya, na Mgaya akasema polepole kwamba wakifunga kamba mara mbili, na turubai juu, huenda. Niliposikia lile "huenda" nilijua ni upendo. Alikuwa amelipenda gari lile.

Asubuhi wakaguzi walicheka hadi wakashika magoti. Kanuni zao zilikataza pombe, abiria na kukimbia bila kofia ngumu. Mpunga hazikuutaja. Mmoja alimwuliza Masanja kama anapeleka mzigo sokoni akimaliza, naye akajibu kwamba ndiyo, na akifika wa kwanza atapata bei nzuri. Kaka zake waliokuja na fimbo zao za kuchungia walimpigia miluzi. Kabula hakuja.

Na gari lilikwenda. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa nilikuwepo. Nilisimama na Mgaya juu ya tuta la mfereji mkavu, tukaliona likija na vumbi lake, limelala vizuri, pua juu, likipita kwenye nyayo za ng'ombe zilizokauka kama bakuli za chuma, na usukani hautikisiki. Masanja aliondoa mkono mmoja akatupungia. Mgaya alinishika kiwiko. Alikuwa anaongea Kihehe, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa kwangu.

Turubai lilianza kupepea kabla ya tuta la pili. Kamba haikukatika. Gunia ndilo lililochanika, likapungua, na kamba ikawa imefunga hewa. Magunia mengine yakateleza kwenye mlango wa nyuma, yakaanguka moja baada ya jingine, mpunga ukamwagika kwenye njia kama mkia. Tuliiona pua ikishuka. Masanja naye lazima aliihisi, kwa maana taa za breki ziliwaka, lakini tuta lilikuwa limefika.

Gari halikupinduka. Liligeuka pembeni, likasimama kwa adabu.

Mimi na Mgaya tulikimbia. Watu wengine nao walikimbia, wengi, kina mama na watoto na wanaume wenye kanga za wake zao, na kwa sekunde nilidhani wanakwenda kwa Masanja. Walikwenda kwenye mpunga. Walipiga magoti njiani wakauzoa kwa viganja, wakiupeta vumbi, wakisogea pembeni kwa heshima ili tupite. Siwalaumu. Mwaka ule mvua ilikuwa imewanyima. Lakini nilipofika garini nilikuwa bado nasikia ile sauti ya kupeta nyuma yangu.

Masanja alikuwa ameketi wima, mkono wa kulia umelala mapajani umeangalia juu.

"Umeondoka, kaka," aliniambia. Kisha akamwambia Mgaya, kama anayemliwaza, "Stelingi ilikuwa nzuri, mzee. Ilikuwa nzuri sana."

Vidole havikufunga tena, kama daktari alivyosema. Malori ya mpunga yakapata dereva mwingine. Mgaya alilirudisha gari Iringa, akalikata vipande mwenyewe, na reki akaikata pia ili asije mtu akaifunga. Baada ya hapo alikuja gerejini kila siku, akavaa koti lake, akakaa. Ukimwuliza kitu alikujibu sahihi. Uzi hakuushika. Alifariki katika usingizi, na kanisani mchungaji alisema kwamba fundi huyu alitengeneza njia za wengi. Nilitoka nje kidogo.

Niliendelea na kazi mpaka bega likakataa. Mliniona nikifunga na kufungua, mkadhani ni utulivu wa uzee. Nilikuwa nangojea tu siku iishe. Nilijifunza kwamba unaweza kujua kila kitu kuhusu chuma, ukakiona kosa kabla ya wakati, ukalitaja kwa sauti, na bado likapita mbele yako kama gari lisilokuhusu. Sina dawa ya hilo. Mngekuwa mmeniomba dawa nisingeandika.

Nilipowakabidhi spana zangu nilipanda gari la kwenda Madibira, ambako sikuwahi kufika. Nilikuwa nimesikia kwamba Masanja na Kabula walihamia kule kwenye skimu ya mpunga, na kwamba yeye anatunza vyumba wanavyopanga vibarua wa mavuno. Sikujua kama atanipokea. Nilishuka saa za jioni, majaruba ya mpunga yamejaa maji hadi mbali, nikaulizia vyumba, nikaelekezwa kwenye nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma.

Masanja alikuwa ameketi nje. Alinenepa. Alinitambua kabla sijafungua mdomo, akasimama, hakutabasamu wala hakukunja uso.

"Unataka chumba?"

"Nataka chumba."

"Cha siku ngapi?"

"Sijui."

Alitikisa kichwa, akachukua funguo ukutani, kisha akabaki amezishika. Kabula alikuwa jikoni nyuma. Nilimsikia akisonga, mwiko ukigonga sufuria.

"Nikuulize kitu, kaka. Wewe ndiye uliyebaki wa kuulizwa."

"Niulize."

"Yale mabano. Yangepandishwa vile vidole viwili, mkono ungekuwepo?"

Nilikuwa na majibu mengi. Tuta lilikuwa kubwa, mfupa ulikuwa na chuma, magari ni magari. Nilikuwa nimejibu hivyo kwa watu wengi, pamoja nanyi.

"Ungekuwepo," nilimwambia.

Alisimama akiangalia majaruba. Jikoni mwiko ulikuwa umenyamaza.

"Wote waliniambia ni mipango ya Mungu," alisema. "Hata mzee, alipokuja hospitali, aliniambia hivyo."

Akachambua ufunguo mmoja kutoka kwenye fungu hilo kwa kidole gumba, akaninyooshea.

"Cha mwisho kulia, kina dirisha," alisema. "Samahani kwa mkono wa kushoto."